Bibo la Jibini

Gesi iliisha alfajiri, nikaapa siwashi mkaa.
Joto la Desemba hapa Chuno linatosha kumwivisha mtu,
na saa tisa nina ugeni wa watu arobaini
wanaokuja kumuaga Nesi Somoe,
miaka thelathini na mmoja wodini,
akishika vifundo vya watu na kuhesabu kimya.

Jibini ilitoka Njombe, ikalala ndani ya basi
kwenye kasha la samaki lenye barafu,
ikapita Songea, Tunduru, Masasi,
ikaingia uani mwangu na shemeji Chitanda
akiibeba kwa mikono miwili kama mtungi wa kuazima.
Mama Lukanga wa nyumba ya pili akanusa karatasi.
"Hii si sabuni ya mche?"
Akamega. Akatafuna. Akatazama dari.
"Si mbaya. Ila sabuni ina povu."

Ile ngumu nikaikwaruza,
nikaiponda pamoja na ile laini ya kopo,
kitunguu saumu punje moja, ndimu nusu.
Chumvi sikutia. Jibini ina chumvi yake, kama wifi.
Nikachovya viganja kwenye maji ya barafu ndipo nikafinyanga,
maana mkono wa moto jibini inaukimbia,
inateleza, inakuwa uji, inakuaibisha.

Nilitaka bibo.
Bibo kubwa, la kukalia sinia peke yake:
shingo nyembamba, chini limejaa,
limeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza.
Ngozi nikaishona kwa pilipili hoho nyekundu
iliyokatwa ndogo kama kucha za mtoto mchanga,
kipande kwa kipande, mgongo ukiniuma,
na ubavu mmoja nikautia njano,
upande ule ambao jua halikulifikia.
Majani nikachuma kwenye mkorosho wa nyuma ya choo,
nikayaosha mara tatu, Mama Lukanga akihesabu.
Korosho za kukaanga, zilizovunjika, za bei ya chini,
nikazimwaga kuzunguka kama changarawe.
Biskuti za chumvi. Matango.

Mwisho, korosho yenyewe, nzima, na ganda lake la kijivu,
nikaibana chini ya tunda pale inapokaa siku zote.
Sijaona kiumbe mwingine wa namna hii,
anayetembea figo lake likining'inia nje ya shati.

Saa tisa wakaja. Saa kumi wakawa wamejaa.
Kila mtu alipiga picha, hakuna aliyekata.
"Ni keki?" "Ni bibo kweli?" "We Hashiri, toa kidole!"
Feni ikazunguka, jibini ikaanza kutoa jasho,
na mimi nikatoa jasho pamoja nayo.

Nesi Somoe akavaa miwani.
Wekundu hakuutazama, wala majani.
Akatoa leso, akaishika ile korosho kwa leso,
akaing'oa, akaifunga fundo,
akaitia ndani ya pochi.
"Kuna watoto humu," alisema.
"Msimu kama huu nilikuwa napaka midomo dawa
toka asubuhi hadi taa zinawashwa.
Utomvu wa hili ganda hauna mzaha."

Kisha akageuka, akaniangalia mdomo wa juu,
pale kwenye baka ambalo rangi ya mdomo hailifichi.
Nilikuwa na miaka saba. Alinishika kidevu,
akapaka kitu cheupe, kichungu,
akasema neno moja.
Leo akanishika kidevu tena, mbele ya watu arobaini.

"Ulilamba?"

"Nililamba."

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani,
akachukua kisu, akalipasua bibo katikati,
na ndani lilikuwa jeupe tupu,
jeupe kama shuka la Jumatatu wodini.
Mama Lukanga alikuwa wa kwanza kunyoosha biskuti.