Mnamtua Lini?

Kikao kilianza saa nne na robo badala ya saa tatu,
ukumbi wa kata, Tabora, feni moja ikizunguka kwa kusitasita
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Mimi ndiye mwandishi wa muhtasari. Naandika yaliyosemwa,
siandiki yaliyotokea.

Ajenda namba tatu: sanamu ya bustani,
ile ya karibu na stesheni, nyuma ya ghala la reli.
Jukwaa limeshajengwa. Saruji imeshakauka.
Kilichobaki ni kujua nani atasimama juu yake.

Bwana Lutufyo, mhandisi, alitaka simba.
Mwalimu Kashindye akamuuliza: simba wa nani?
Kila mzunguko wa barabara una simba wake,
rangi ya chungwa, mdomo wazi,
anafanana na mbwa aliyepewa habari mbaya.
Watu walicheka. Sikukiandika kicheko.

Warina asali walileta barua:
mzinga wa gome, ila wa bati, mara kumi ya ukubwa wake.
Bwana afya akaonya kwamba nyuki wa kweli watauhamia.
Wakamjibu, ndivyo tunavyotaka.

Ndipo Mihayo, fundi wa kuchomelea, akakunjua mchoro,
penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji:
mpagazi.
Yule wa njia ya Pwani, miezi mitatu kwa miguu,
mishipa ya shingo imemtoka, magoti yamelegea kidogo,
na begani, pembe.
Ukumbi ukanyamaza.

Kisha tukajadili pembe iwe na urefu gani.
Ipakwe nyeupe, au iachwe ile kutu.

Bi Nyanzala alialikwa kuwakilisha wananchi,
yaani huuza karanga getini.
Alinyoosha mkono mara mbili. Alipopewa nafasi hakusimama.
"Huyu," akasema, "mnamtua lini?"

Mwenyekiti hakuelewa.

"Katoka hapa kabeba. Kafika Bagamoyo kabeba.
Karudi na marobota ya vitambaa, kabeba.
Leo mnajenga mahali pa watu kupumzika,
yeye peke yake mnamwambia asimame na mzigo wake,
jua lake, mvua yake?
Mtueni kwanza. Halafu ndio mumchonge."

Mihayo akalitazama karatasi lake.
Akafuta pembe. Mikono ikabaki juu, haishiki kitu.
Akafuta mikono.
Akafuta na mtu.

Muhtasari unasema: Hoja imeahirishwa. Kifungu cha fedha hakitoshi.

Huu mwezi wa nne, jukwaa liko palepale, tupu.
Jana treni ya Mpanda ilichelewa, nikakatiza bustanini.
Mama mmoja alishusha ndoo ya asali juu ya ile saruji,
akavua ngata, akaipangusa shingo yake kwa ngata hiyohiyo.
Kijana akatua gunia la mkaa, akaacha alama nyeusi.
Hawakuinama. Hawakuomba mtu wa kuwasaidia.
Jukwaa linawafika kifuani:
sentimita mia moja na kumi na tano, ndivyo mkataba unavyosema.
Bwana Lutufyo hajui alimpima nani.

Nami nikaweka faili langu pembeni mwa mkaa,
nikabaki nimesimama, mikono mitupu,
sijui niipeleke wapi.