Mpini wa Tatu

Bi Zdzisława alifika saa nne kasoro,
theluji haijamyeyuka mabegani,
akalitazama birika langu pale mezani
kama mtu anavyomtazama mkwe
aliyeletwa nyumbani bila yeye kuulizwa.

Miezi minane nimelichora birika hilo.
Nimelichonga kwa povu, kwa mbao, kwa plastiki,
nikalipaka rangi ya plamu iliyoiva nusu,
nikalipa mpini mwembamba, uliopinda
kama shingo ya korongo, wale wa kwetu
wanaorudi Machi kujenga juu ya nguzo za umeme.
Bosi alisema: limependeza.
Ireneusz wa meza ya pili: limependeza.
Mama, kwenye simu, bila kuliona: limependeza.
Nikaamini. Nani hutema asali?

"Mimina chai," nikamwambia.
Miaka thelathini na moja alikuwa mfumaji
katika kiwanda cha pamba, hapa hapa Łódź,
hadi mashine ya mwisho ilipozimwa.
Vidole vimebaki vimekunjika
kana kwamba bado vinashika uzi.
Akashika. Akanyanyua. Akatua.
Akashika tena, kwa mikono miwili,
kama anayembeba paka wa jirani.
Maji yakaenda kila mahali isipokuwa kikombeni.

"Zuri," akasema, akifuta meza kwa mkono wa sweta.
"Lakini umemtengenezea nani?"

Majibu nilikuwa nayo. Tele.
Nikaanza: shida, Bi, ni kwamba hukulishika pale...
Nikajisikia.
Nikajisikia nikiufundisha mkono wa miaka sabini na sita
namna ya kuwa mkono.

Nikafunga mdomo.
Nikaandika alivyosema, neno kwa neno:
mpini unauma hapa, chini ya gumba;
kifuniko hakifunguki mpaka ukasirike;
taa ya buluu siioni bila miwani;
na rangi hii, mwanangu,
inanikumbusha jicho lililopigwa ngumi.
Hapo kalamu ikagoma kidogo.
Hata rangi?

Usiku nilifunga vidole vyangu kwa utepe wa gundi,
viwili viwili, nikajaza birika, nikajaribu.
Wanasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Mimi uzito wa birika niliujua saa saba usiku,
jikoni, peku,
maji yakinipitia kati ya vidole vya miguu.

Basi nikageuka mtiifu kupita kiasi.
Mpini wa pili ulikuwa mnene, wa mpira,
kitufe kikubwa kama biskuti,
taa nyekundu ya kusimamisha treni.
Ireneusz akauliza kama tumeanza kuuza ndoo za bustani.
Bi Zdzisława hakucheka. Alimimina vizuri,
hakumwaga hata tone,
kisha akalisukuma mbali kwa kidole kimoja.
"Hili linawatangazia wageni wangu kuwa mimi mgonjwa."

Niliudhika. Niseme kweli, niliudhika hasa.
Nilitoka nje bila kofia, nikazunguka jengo mara mbili.
Si ndivyo alivyotaka? Si nimeandika kila neno?
Mzunguko wa pili, karibu na mapipa ya taka, nikaona:
yeye alinionyesha kidonda,
mimi nikadhani ameniandikia dawa.

Mpini wa tatu haufanani na korongo.
Haufanani na kitu, kwa kweli.
Ni pana kwa ndani, kiganja kizima kinapita,
uzito unakaa juu ya mkono,
vidole havina kazi ila kupumzika.
Niliuchora alasiri moja, baada ya miezi minane
na wiki tano za kuumwa moyo.

Alikuja Aprili, bila koti.
Akamimina. Nikasubiri, kalamu mkononi.
Hakusema kitu.
Aliomba sukari.

Rangi sikuibadilisha.
Bado anasema ni jicho la kipigo,
bado nasema ni plamu,
na kila akija tunabishana
huku birika likichemka katikati yetu.