Wino wa Buluu

Kurasa kumi na nne, za rangi, hamsini kila ukurasa.
Hata kwako, nikamwambia, sipunguzi.
Mzee Nyandiga akacheka, akavuta stuli ya plastiki,
akaketi kati ya mashine ya fotokopi na soda zangu za kuuza,
goti likigusa kreti.

Ukurasa wa kwanza: bahari.
Wa pili: kidimbwi cha kuogelea, na nyuma yake bahari,
kana kwamba mtu akikinai maji haya atayageukia yale.
Wa tatu ni chumba ambacho hakijalaliwa na mtu,
mashuka yamenyooka, dirisha toka sakafuni hadi darini,
na dirishani, haya basi, bahari.
Printa yangu inaguna. Haijazoea.
Kazi yake ni ratiba za mazishi, vyeti vya kuzaliwa,
barua za vijana wa Nyalenda wanaoomba kazi,
wote wachapakazi, wote wanaweza kuanza Jumatatu.

"Ureno," anasema. "Upande wa kusini. Jua siku mia tatu."
Nataka kumuuliza: na sisi Kisumu tunamulikwa na nini, koroboi?
Lakini mteja ni mteja.
Bei iko chini ya ukurasa wa tano, kwa yuro.
Naizidisha ipate kuwa shilingi.
Kikokotoo kinagoma, kinaniandikia herufi.

Minofu ilimtangulia.
Miaka ishirini na miwili mbuta wake walipanda ndege
wamevuliwa ngozi, wamelazwa barafuni kama watoto wa wenyewe,
nasi tukabaki na mgongowazi,
kichwa, mifupa, mkia,
tukaungia nyanya, tukalamba vidole.
Sisemi kwa uchungu. Mgongowazi ulinisomesha:
mama aliukaanga pale Obunga, mafuta yakimrukia,
na madoa ya mikononi mwake ndiyo risiti zangu za karo.

Lakini lile ghala lake la barafu, refu, lisilo dirisha,
alilisimamisha mbele ya nyumba zetu nikiwa darasa la sita.
Kabla yake, ukisimama mlangoni asubuhi na mswaki mdomoni
uliliona ziwa, kwa mbali, jembamba kama makali ya kisu.
Baada yake uliona ukuta
na maandishi: USIKOJOE HAPA.

"Mandhari isiyozuiliwa na chochote," unasema ukurasa wa tisa.
Nimeusoma mara mbili. Nimemtazama.
Anafuta miwani kwa ncha ya tai.

Ukurasa wa kumi na mbili printa ikalia.
Buluu imekwisha. Bahari imeinywa yote.
Nikamwambia leo Jumapili, mwenye katriji yuko kanisani,
na akitoka kanisani ana harambee.
"Chapa hivyo hivyo, Kageha. Wakili anangoja."

Zikatoka tatu za mwisho:
anga la waridi, mizeituni ya kahawia,
na bahari nyekundu, nzito, ya udongo,
kama ziwa letu mwezi wa Aprili
mto Nyando unapolitapikia mashamba ya watu.

Alizishika muda mrefu.
Kidole kikapita juu ya maji, wino haujakauka,
kikarudi na rangi.
"Hapa," akasema, kisha akanyamaza.
Kisha: "Hapa mama alinivusha mgongoni."
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta chenji ya elfu,
mia tatu, na droo yangu ina sarafu tu.

Kumi na moja akazitia bahasha ya wakili.
Zile tatu mbovu akazikunja mara nne,
mfuko wa shati, upande wa kushoto.
"Na hizi zihesabu," akasema, "usinionee huruma."
Nikazihesabu.

Alipoondoka nilikuta kwenye kaunta alama ya kidole,
tope jekundu, mistari yote ikisomeka.
Nikasugua kwa spiriti. Ikapungua kidogo.
Nikafungua daftari la mahitaji, nikaandika:
karatasi, ribiti mbili, stepla.
Buluu.