Safu ya Kushoto

Kayenze, Jumanne ya kliniki.
Ziwa limetulia kama maziwa mgando
na mimi nina daftari, kalamu mbili na siri.

Miaka sita nawaandika hawa,
mia nne na kumi na wawili wenye ini gumu,
kichocho walichokinywa kwa miguu
utotoni, wakisugua sufuria majini.
Kila miezi mitatu: uzito, tumbo, picha ya wengu,
swali la saba: umetapika damu?

Siku ya kwanza niliwasomea kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma:
huenda siku moja kura ikakuangukia,
utaitwa, utaelezwa dawa mpya, utakubali au utakataa.
Isipokuangukia, hutaitwa.
Utatibiwa kama kawaida, na tutaendelea kukuhesabu.
Nyanjige alicheka. "Hata mbuzi wangu nawahesabu."
Akabonyeza dole gumba.

Jana usiku kompyuta ya mjini imepiga kura.
Haikuona mjane, haikuona mwenye shamba.
Sitini tu.
117 ndani.
118 nje.

117 ni Lushinge. 118 ni Nyanjige.
Ukuta mmoja, baiskeli moja,
na sasa benchi moja, wanagawana kiazi.

Nikamwita Lushinge peke yake.
Vidonge, miezi tisa,
madhara tunayoyajua na tusiyoyajua.
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Hapana," akasema. "Nina mpunga wa kuvuna."

Nikakimbia kwa Daktari Mugeta:
nafasi imepatikana, tumpe Nyanjige!
Hakuinua macho.
"Aliyekataa naye ni jibu. Mwache safu ya kulia.
Tukianza kuhamisha watu kwa huruma
tutakuwa tumeipima huruma yetu."
Na dawa, inafaa?
"Ningejua, ningepiga kura ya nini?"

Saa nane utepe unazunguka tumbo la Nyanjige.
Tisini na nne. Mbili zaidi ya Machi.
"Mwenzangu kaitiwa nini?"
Muulize mwenyewe, nasema,
na nje tayari Lushinge anamweleza, mikono hewani,
mpunga, vidonge, mpunga.

Nyanjige anarudi dirishani.
Hasemi kitu.
Daftari limemgeukia kichwa chini,
naye kusoma hajui;
kidole chake kinashuka safu ya kushoto,
mstari, mstari,
kama mtu anayehesabu mbuzi jioni
na ameshajua
mmoja hayupo.