K Mbili, P Mbili

Joto la Kibokoni, umeme hamna, feni imelala,
nami nafuma sweta.
"Mwanamkuu," jirani acheka dirishani,
"baridi gani hiyo, yaja Mombasa kwa posta?"

Iko Nyahururu. Mwanangu kahamishiwa huko,
na mjukuu, wasema, huamka pua ya barafu.

Kofia za viua nimeshona tangu sijavunja ungo,
mkono wajua njia wenyewe.
Lakini hizi sindano mbili, butu, hazina tundu,
na karatasi ya Wangechi, muuza nyuzi:
K2, P2, K2, P2,
kama namba ya gari lililogonga mtu likakimbia.

"K ndiyo nini?"
"Kizungu hicho, we fuma tu."

Sifumi nisilolijua jina.
K nikaiita Kuja: sindano yaingia, yarudi na uzi.
P nikaiita Pisha: uzi utangulie mbele kwanza.
Kuja, kuja, pisha, pisha,
kama wawili waliokutana kichochoroni,
lazima mmoja abane ukutani.

Kitanzi kimoja kikaponyoka, kikashuka safu sita
mbio kama panya.
Nikafumua. Nikalia kidogo, si kwa ajili ya uzi.

Usiku wa tatu nikaigeuza kazi, taa ya kibatari karibu,
nikaona: kuja kwa huku
ndiko kupisha kwa kule.
Kitanzi ni kile kile.

Na siku ile ya mabegi mlangoni
mimi nilikuwa nimekaa upande mmoja tu.

Mkono wa kushoto umezidi urefu.
Sifumui tena.
Atakua.