Mshika Funguo

Mzee Elisaria aliponikabidhi funguo za kanisa
alizitoa kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti ya luku,
akasema, "Hili kufuli kubwa lina kiburi. Masika hugoma.
Litie tone la mafuta ya kula, kisha ulisemeshe."
Hakujua anampa nani.

Hakujua habari za stoo.
Yombo, nyumba ya baba mdogo, mlango wa bati,
komeo upande wa nje.
Gunia la pumba, dumu la mafuta ya taa,
na mjusi niliyempa jina la marehemu mama, Tusajigwe,
ili niwe na wa kumwita.
Miaka tisa. Kosa langu siku moja lilikuwa sukari,
siku nyingine kikombe,
siku nyingine halikuwa na jina.
Saa nilizijua kwa tundu la msumari:
mwanga uliingia, ukatambaa ukutani,
ukanipanda goti, ukaniacha.

Basi nikakua mtu wa milango wazi.
Nilipopanga chumba Buguruni nililala na tofali kizingitini.
Wezi wakabeba redio, wakabeba doti ya kanga.
Nikasema, afadhali.
Mwanamume aliyenileta barua ya posa
alinifungia mlango mara moja tu, kwa utani.
Sikumweleza kitu. Nilimrudishia barua yake.

Watu wa maombi waliniambia nisahau.
Wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea, wakalowa jasho,
nami nikaanguka, kwa adabu, nisiwavunje moyo.
Nikainuka, nikajipangusa vumbi,
nikarudi nyumbani na stoo yangu kifuani,
komeo lake vilevile.

Ila Jumapili moja baada ya Pasaka
mwinjilisti kijana, mwenye kigugumizi,
alitusimulia wale waliojifungia kwa hofu.
Akahangaika na neno "milango" hadi watoto wakacheka.
Mimi sikucheka.
Kwamba alikuja, hakubisha, hakuvunja bawaba,
na alichowaonyesha si taji, ni matundu.
Kafufuka, na matundu bado anayo!
Nilikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, kama kawaida yangu.
Kumbe huingia kulikofungwa.
Sisemi nilimwona kule Yombo. Nilimwona mjusi.
Lakini tangu siku ile nikiikumbuka stoo
naikumbuka ina watu wawili.

Kupona kwangu hakukuja kwa tarumbeta.
Kulikuja kama maji ya bomba la mtaani kwetu:
kwanza upepo, halafu kutu, halafu tone,
halafu yanakatika wiki nzima,
halafu usiku wa manane unashtuka,
unasikia ndoo inajaa.

Baba mdogo alifia Amana, mwezi wa saba.
Mazikoni sikwenda. Nilituma rambirambi, elfu kumi,
nikakaa na simu mkononi mpaka ujumbe ukarudi
na jina la ukoo wake,
ambalo ni jina langu pia.
Nimesamehe? Niulize mwakani.
Salio analijua Mungu.

Leo nimefika saa kumi na moja alfajiri,
lami imelowa, mbwa wa gereji amenizoea.
Kufuli likagoma. Nikalitia mafuta, nikalisemesha:
maneno ambayo miaka ile nilitamani mtu ayaseme
akiwa nje ya bati.
Likaachia.
Nikafagia madhabahuni, nikapanga mabenchi,
kisha nikafanya nisilowahi kufanya.
Nikaufunga mlango, nami nimo ndani.
Nikasimama gizani. Moyo ukapiga, ukapiga,
ukachoka kupiga hivyo.

Nilipofungua, binti wa muuza vitumbua alikuwa ngazini,
sahani kichwani, macho yamemtoka.
"Dada, mbona ulijifungia?"
"Najaribu kitasa," nikamwambia.
"Kinafunguka kwa ndani."