Supu Inapoa

Wasemao ya kale hayanuki
hawajafungua kompyuta ya mwaka themanini na tatu.
Inanuka samaki.
Kapasita zimevuja, zimelamba bodi
hadi shaba imeota ukungu wa kijani.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na hiki kimekaa nguoni miaka arobaini,
darini, hapa Maribor,
chini ya viatu vya kutelezea thelujini.

Ni Bibi Jerica aliyeivusha mpakani kutoka Graz.
Aliikalia.
Mwanamke mzito, mfuko wa kahawa mapajani,
uso wa mtu asiyedaiwa hata na kanisa.
Afisa wa forodha akaitazama kahawa,
akamtazama Bibi,
akainua kizuizi.

Sasa nimeishika mimi, na pasi ya kulehemu inafuka.
Nang'oa moja, napachika moja, nasahau kupumua.
Utando wa kibodi ulivunjika kama ganda la kitunguu;
nimeagiza mwingine, umefika kwa posta ukiwa mwembamba, wenye majivuno.
Vibonye vya mpira nimeviosha kwa sabuni ya vyombo
nikavianika dirishani, vyote arobaini,
kama meno ya mtu aliyecheka kupita kiasi.

Blaž wa ghorofa ya pili ameleta kadi
ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.
"Humu mna michezo elfu kumi na mbili," anasema.
"Inafunguka kabla hujamaliza chafya."
Naichomeka nyuma. Kweli,
chafya yangu imekatika njiani.

Lakini ipo kaseti moja.

Jumanne usiku, enzi hizo, redio ilirusha programu hewani:
mlio mtupu, dakika nne za chuma kukwaruza chuma,
na vijana wa mji mzima wakatulia majumbani
kama wezi, kidole juu ya kitufe chekundu.
Baba, miaka kumi na minne, hakuwa na waya.
Alikiweka kinasa sauti mbele ya redio,
akafunga mlango,
akaegemeza kiti.

Kiti hakikumweza Bibi.
"Zdravko! Supu inapoa!"

Mchezo ule haukufunguka kamwe.
Kila mara ulifika palepale, kwenye supu,
mistari ya rangi ikaganda ukingoni mwa skrini,
likaja neno la kosa.
Baba alikizungusha kichwa cha kinasa kwa bisibisi,
robo mzunguko huku, robo kule,
akaomba, akatukana, akaanza upya.
Siku tatu hakusema na mama yake.
Supu aliinywa, ila kwa hasira.

"Nipe hiyo kaseti," anasema Blaž.
"Nitaichuja. Naikata ile sauti,
naziba pengo kwa baiti za nakala safi. Nusu saa tu."
Baba anautazama moshi wa pasi.
"Nakala safi unayo?"
"Ninayo."
"Basi tucheze hiyo."

Tukaicheza. Kijimtu cha buluu pangoni,
kinaokota funguo, kinaanguka, kinakoroma, kinakufa.
Baba amekufa mara tisa katika chumba cha kwanza.
"Ndiyo hii tu?" akauliza, akicheka hadi akavua miwani.
"Miaka yote hii, ndiyo hii tu?"

Kisha, bila kumwuliza mtu,
akachomoa kadi, akatafuta waya,
akaitia kaseti.

Kelele zikapanda. Mbwa wa jirani akajibu.
Blaž akaziba masikio, mimi nikahesabu vizuizi vya data,
Baba akainua kidole hewani, akangoja,
na katikati ya baiti na baiti,
nyembamba, kama kutoka chumba cha pili,
sauti ikamwita mezani.

Mistari ikaganda.
Skrini ikaandika kosa,
herufi nyeusi, kali, hazitetemeki hata kidogo.

"Imepona," Baba akasema.